Mstari Niliouandika Kwenye Kilio cha Yaya Denis

Judith, mwanangu, mama yangu,

Kesho sitakuwa uwanja wa ndege.

Anza kukasirika sasa, halafu uendelee kusoma. Najua nimetangaza soko zima kwamba nitakusindikiza mpaka kwenye mlango ule ambapo askari anawazuia wasiosafiri, na kwamba hata huyo askari nitamsimamisha nimwambie mtoto wangu anaenda wapi. Najua nimeshonesha vikwembe viwili vya kitenge kimoja, changu na chako, ili watu waone bila kuuliza nani alimzaa nani. Akina mama wa kwaya watakusindikiza, nimekwisha kuwaomba. Lakini saa ile ile unayopanda ndege ya Kinshasa, mimi nitakuwa tribinali, kwenye kesi ya mulamu wangu Odile, mke wa marehemu kaka yangu, yaya Denis. Nakwenda kumwambia juji kwamba karatasi iliyomtoa Odile katika nyumba yake ina uongo ndani, na kwamba mkono ulioandika uongo huo ni huu unaokuandikia sasa.

Basi umejua. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Siku tatu umekaa hapo unakunja nguo na kuzikunjua, nami nimepita mbele yako mara ngapi. Lakini mdomo wangu unaujua, umezoea kujisifu. Ukianza kusema kosa, unamalizia kwa kusema namna ninavyopika sombe. Mkono ndio uliokosa, acha mkono useme. Umeenda kuaga wanakwaya, na wanakwaya hawajui kuagana upesi, kwa hiyo nina nafasi.

Ya dawa za malaria, ya kufunga mlango mara mbili, ya wanaume wa Kinshasa wenye viatu vinavyong'aa, hayo siyarudii. Juzi ulikuwa unayamalizia mwenyewe kabla sijafika nusu. Na ninaandika Swahili ya masista, ile ya kitabu, ujue mama yako hakukaa darasani bure. Ila watu nitawaacha waseme na vinywa vyao vya hapa hapa Lubumbashi, maana nikiwasahihisha nitaanza tena ile tabia yangu ya kuandika vitu visivyosemwa.

Unajua jinsi ninavyoringa na mwandiko wangu. Baba yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, hakujua kusoma hata jina la stesheni, lakini alisema binti yake mmoja lazima ashike kalamu. Nikashika. Miaka sita ya shule ya msingi na miwili ya sekondari, na Sista alikuwa ananyanyua daftari langu mbele ya wote akisema, tazameni herufi zinavyosimama kama watu wanaoheshimiana. Tangu hapo nimeandikia watu barua za kwenda Kolwezi, barua za mkubwa wa kata, maombi ya kazi. Hakuna harusi Naviundu ambayo mwaliko wake haukupita mezani pangu. Sawa, kuna mbili hazikupita, na zote mbili zilivunjika.

Kwa hiyo ulipopata kazi hii kwenye Bunge, kule kwenye komisyo inayotengeneza upya sheria za familia na za tribinali, nilifanya nini? Nilisimama sokoni, juu ya ndoo yangu ya samaki.

"Bamama, mutoto yangu anaenda kutunga sheria ya inchi!"

Jirani yangu wa meza ya nyanya akaniuliza: "Na ya bantu benye kugusa samaki mara kumi bila kununua, atatunga?"

"Ile njo ya kwanza!"

Jioni ukanirekebisha, kwa upole wako ule wa kumrekebisha mgonjwa. "Mama, siendi kutunga sheria. Naenda kuandika tu mambo bakubwa banasema mu komisyo."

Nikakujibu: "Mwenye kuandika njo mwenye kutunga."

Ukacheka. Mimi nikainuka nikaenda kuangalia sufuria ambalo halikuwa na kitu. Nilikuwa nimesikia mdomo wangu ukisema kitu ambacho mkono wangu unakijua tangu siku nyingi.

Yaya Denis alipokufa ulikuwa na miaka mitano, utakumbuka labda wimbo na moshi. Nyumba ile ya matofali waliijenga pamoja, yeye na Odile. Denis alikuwa akitoka karakana ya mgodi anapiga matofali mpaka giza, na Odile ndiye aliyekuwa akichota maji mtoni na kukanyaga udongo, mimba tumboni. Niliona kwa macho yangu. Hata mzaha nilimtania: "Mulamu, mutoto atazaliwa na tofali mukononi!" Akanijibu: "Atakupatia weye, ujenge mudomo yako ukuta."

Desturi ya kilio chetu unaijua. Mjane anakaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, nguo hazibadilishi, na hasemi. Akitaka maji anamnong'oneza mwanamke aliye karibu naye. Mjane anayepaza sauti mbele ya ndugu wa marehemu, watu wanasema huyo hakumpenda mume wake, ao mbaya zaidi, wanasema anajua kilichomuua. Odile alishika desturi yote. Siku tatu sikusikia sauti yake.

Siku ya tatu wajomba zako wakakaa sebuleni. Mjomba wako Léopold, mkubwa wetu, akafungua mkutano wa familia. Mkutano ule lazima uwe na karatasi, ile ambayo watu wa tribinali wanaita pévé, inayosema nani ameketi, nini kimeamuliwa, nani atasimamia mali ya marehemu. Léopold akaangalia huku na huku, akaniita.

"Marie-Jeanne, weye njo mwenye mukono muzuri mu hii familia. Kamata biki."

Nisikufiche, mwanangu. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka, na juu ya huzuni hiyo nikasikia furaha. Wanaume wote wale wamekaa, na mwanamke mmoja tu kwenye meza, na mwanamke huyo ni mimi. Hawakuwa wameniita kwenye mkutano wao hata siku moja. Nikanyoosha karatasi, nikachora mistari na rula ili herufi zisipande wala zisishuke.

Léopold akasema, nikaandika. Kwamba yeye ndiye msimamizi. Kwamba nyumba ni ya familia. Kwamba mjane, akimaliza kilio, atarudi kwao. Kisha akasema:

"Andika: mujane alisikia, alikubali."

Nikainua biki. "Yaya, alikubali saa gani? Eko pale inje. Hakuna muntu alienda kumuuliza."

"Mujane anasemaka ku kilio? Alinyamaza. Kunyamaza njo kukubali. Andika, bantu beko na njala."

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka mezani nilikuwa naona miguu ya Odile kwenye mkeka, nyayo zimegeukia upande wetu, na vumbi. Hatua nane. Baadaye nimezipima mara nyingi kichwani: hatua nane tu, na kuinama, na kuuliza, "Mulamu, unakubali?" Sikuinuka. Niliandika.

Mpaka hapo unaweza kusema ni Léopold. Mimi pia nimesema hivyo miaka mingi. Lakini sikiliza lililo langu peke yangu. Yeye alisema "alisikia, alikubali", basi. Mimi nikautazama mstari nikaona ni mfupi, umekaa kama mtu aliyevaa suruali fupi kanisani. Nikaongeza: "kwa hiari yake mwenyewe na kwa moyo mweupe." Hakuna aliyeniambia niongeze. Niliongeza kwa sababu ilipendeza. Niliposoma kwa sauti, wakapiga makofi, mmoja akasema, "Ona vile muntu alisoma!" Na mimi nikatabasamu, Judith. Yaya yangu yuko ardhini tangu juzi, mke wake yuko kwenye mkeka, na mimi natabasamu kwa sababu ya moyo mweupe.

Walipogawa vitu, Léopold akanipa kongelateri, friji ya kugandisha, ile Denis aliyoinunua Kasumbalesa na kuileta juu ya lori. "Ya mwandishi wetu," alisema. Unaijua. Ni lile sanduku jeupe lenye mfuniko uliopinda, tunamotia unga. Kabla haijafa, ndiyo iliyotunza samaki wangu wa Kasenga. Wenzangu walikuwa wanauza haraka haraka kabla jua halijawaharibia, mimi nangoja siku soko limekauka ndipo nawatoa samaki wangu, wazuri, macho bado yanang'aa. Hivyo ndivyo ulivyosoma. Siku zote nimekuambia ulisoma kwa mikono yangu hii miwili. Ni kweli, ni mikono yangu. Ni mikono yangu na kongelateri ya Odile.

Odile akamaliza kilio, akatolewa. Akapanga chumba kule karibu na mto, akaanza kukaanga karanga. Na hakurudi kwao, mkaidi yule. Akaenda tribinali.

Hapo palikuwa na juji mzee, miwani imeshuka mpaka puani. Karani akasoma karatasi yangu yote kwa sauti, na nisikudanganye, hata siku ile nilisikia kwamba inasomeka vizuri. Alipofika kwenye moyo mweupe, juji akamsimamisha.

"Nani aliandika hii?"

Nikasimama. "Ni miye, monsieur le juge."

"Muandiko muzuri." Akanitazama juu ya miwani. "Mujane alikubali?"

Odile alikuwa kwenye benchi la mbele. Siku hiyo kichwa hakikufunikwa. Aligeuka, akaniangalia, si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayengoja mwingine amalizie neno ambalo wote wawili wanalijua.

"Alikubali," nikasema.

"Alisema vile, na kinywa yake?"

"Alikubali, monsieur le juge."

Akaandika. Odile akashindwa. Léopold akanunua soda kwa watu wote, na mimi nikanywa ya kwangu.

Odile akapeleka kesi kwenye tribinali ya juu, na huko ndiko kesi ilipolala. Mara juji amehamishwa, mara faili haionekani, mara avoka wa Léopold, yule wakili wake, ana homa, mara watu wote wapo na karani hayupo. Kila mara neno ni moja: remise, maana yake rudi siku nyingine. Ulianza sekondari, remise. Ukapata diploma, remise. Ukaingia univerisite kusoma sheria, na Odile bado anarudi na kikwembe kile kile cha tribinali, amekifua mpaka maua yamekwisha.

Kisha siku ile uliyokuja na kitabu cha Katiba. Ulikiweka karibu na sahani, mimi nikakuambia usikitie mafuta. Ukanisomea mahali panaposema watu wote ni sawa mbele ya sheria, mwanaume na mwanamke. Nikasema, hayo ni mazuri. Ukaniambia hata sheria ya familia inamlinda mjane asitupwe nje ya nyumba aliyokaa na mume wake, lakini watu wanaipita kwa mlango mmoja tu, karatasi inayosema mjane mwenyewe amekubali. Ukanitazama.

"Mama, weye ulikuwa pale. Tantine Odile alikubali?"

"Kula, bukari inapoa."

Ukala. Hukuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Na mimi nikasema moyoni, mtoto amesahau. Nilichukua kunyamaza kwako kama vile Léopold alivyochukua kunyamaza kwa mjane.

Nini kimenibadilisha, utauliza. Ningependa kukuandikia kwamba ni sala. Mama mwenye mwandiko mzuri angeandika ni sala. Ni karanga.

Wiki mbili zilizopita Odile alikuja kwenye meza yangu sokoni. Miaka yote hiyo akipita alikuwa anapita upande wa pili. Akaweka mfuko wa karanga juu ya samaki wangu.

"Nilisikia mutoto anaenda Kinshasa. Hii ni yake, ya njia. Weye usikule."

"Mulamu, asante..."

"Nimesema ni ya mutoto." Akapanga mfuko vizuri usilowe. "Kesi yangu banaiita siku ile ile anaenda. Juji ni mupya, banasema anasikilizaka bantu. Sikuombe kintu. Nilikuya juu ya karanga."

Ungeona mama yako, Judith. Mimi ambaye naweza kubishana na dereva wa lori la Kasenga mpaka akanirudishia barafu, sikupata neno. Nilishika samaki mmoja, nikamgeuza, nikamrudisha. Odile akangoja. Wateja wawili wakaja, wakaondoka. Yeye bado amesimama.

Halafu akasema, taratibu, karibu kama mzaha wetu wa zamani: "Unanyamaza? Basi, naandika kama umekubali. Na roho mweupe."

Akaenda zake.

Jirani wa nyanya akaniuliza, "Ule mama alikutukana?" Nikamwambia hapana. Nikafunika samaki, nikarudi nyumbani mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nianze biashara. Nikasimama mbele ya sanduku la unga mpaka uliponiuliza kama naumwa.

Kesho yake nilikwenda kwa avoka wa Odile. Ni kijana, anaweza kuwa rika lako, tai yake imefungwa vibaya, nikaifunga upya. Nikamweleza. Akaniambia ukweli: kusema uongo mbele ya juji si mchezo, unaweza kunirudia hata leo. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia, kijana, mimi nimefikiri tangu mtoto wangu hana meno ya mbele.

Kisha nikaenda kwa mjomba wako Léopold. Sikutaka asikie tribinali kwanza. Ni mkubwa wetu, nilipiga magoti nikamsalimu kama inavyotakiwa, na nikiwa bado chini nikamwambia. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Unajua beko bantu ngapi mu ile nyumba sasa?"

"Najua, yaya."

"Na Judith? Anaenda kukaa na bakubwa ku Kinshasa, halafu basikie mama yake ni muntu wa kudanganya juji?"

"Atasikia ku miye kwanza."

"Basi usiite tena hii mulango ya kwenu. Ukifa, utaliliwa kwako."

Nikamwambia, "Yaya, sikubali. Nasema na kinywa, usiseme nilinyamaza." Nikaondoka. Nikuambie, ile ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga, na hakukuwa na mtu wa kupiga makofi.

Sasa mambo yako.

Kwenye redio wanabishana kila siku Katiba ibadilishwe ao isibadilishwe. Sokoni pia wanabishana, na wale wanaopiga kelele zaidi hawajaifungua. Mimi sijui mambo ya wakubwa. Nilipokusikia mezani ukieleza huo mswada unaokwenda kuufanyia kazi, nilijifanya naosha vyombo, lakini nilisikia yote. Kwamba karatasi ya familia isiwe na nguvu mpaka mjane aseme mwenyewe mbele ya juji, kilio kikiwa kimekwisha. Kwamba remise ziwe na mwisho. Ulieleza vizuri mpaka nikapasua sahani. Ulidhani ni sabuni.

Mswada huo ukipita, utamkuta Odile amezeeka. Pengine hautapita. Kutakuwa na watu wazima kama Léopold, wenye suti nzuri kuliko Léopold, watakaosema kwamba desturi ni desturi na mjane hasemi. Nawe utakuwa pembeni na kompyuta yako, na mmoja atakugeukia kwa sauti tamu, binti, wewe ndiye mwenye mkono mzuri, andika kwamba wote tumekubaliana. Utasikia furaha. Nakuambia kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi: furaha hiyo ni tamu, na inakuja na makofi. Wakati huo tazama mlangoni. Tazama ni nani amekaa nje na miguu yake inaonekana. Inuka. Watakasirika, watasema wana njala. Wewe nenda ukamuulize, kisha urudi uandike alichosema, hata kama ni kifupi, hata kama hakipendezi.

Wala usiongeze moyo mweupe wa mtu yeyote. Huo sisi hatuuoni.

Na siku wakitafuta mfano, wakisema haya mambo hayatokei, nakupa ruhusa ya kusema jina langu. Sema ni mama yako. Usiseme "mama mmoja wa Lubumbashi". Nimejisifu kwa watu wote wa mji huu kwamba wewe ni wangu, basi na wewe huna haja ya kunificha.

Kesho nitavaa kile kikwembe chetu, chenye ndege wa njano. Kilishonwa kwa uwanja wa ndege, lakini tribinali nako wana macho. Nitakaa benchi la mbele, karibu na Odile kama atakubali, na nitamuuliza kwanza. Juji akisema remise, nitarudi siku hiyo nyingine, na nyingine tena. Kikwembe kipya kinafulika mara nyingi. Na akiuliza nani aliandika, nitasimama. Akisema mwandiko ni mzuri, nitamwambia ndiyo, monsieur le juge, ni mzuri, na ni uongo.

Kwenye begi lako dogo nimetia ule mfuko wa karanga. Sikuonja hata moja, na unanijua mimi na karanga. Barua hii iko chini yake. Usiisome mbele ya wanakwaya.

Jambo la mwisho, mama yangu. Ukishaisoma utakuwa juu mawinguni na mimi nitakuwa chini hapa, na hutaweza kunijibu mara moja. Lakini ukifika, nijibu. Kama una hasira juu ya kongelateri, juu ya bukari iliyokuwa inapoa, juu ya uwanja wa ndege, niambie una hasira, kwa maneno makali unayoyataka. Ulisomea maneno, yatumie. Kama umenisamehe, niambie pia. Ila usininyamazie. Maana ukininyamazia, safari hii sitaandika kwamba umekubali. Nitakaa hapa nangoja mpaka nikuulize.

Imeandikwa Naviundu, kwa mkono wangu mwenyewe, bila mtu kuniambia la kuandika, na kwa hiari yangu,

mama yako Marie-Jeanne.